Sainasi sugu: maradhi yasiyoonekana hupimwaje?

Tangu nilipotaja hapa kwamba nina sainasi kwa mwaka wa 11 sasa, ndugu zangu wa Nanighi na wa vijiji vingine vya mto Tana wamekuwa wakiniuliza jambo moja. Daktari anajuaje kama ugonjwa wako ni mkubwa, au ni mafua tu? Swali lastahili makala yake, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua nani anapewa barua ya rufaa na nani anarudishwa nyumbani na vidonge.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Sainasi ni mapango madogo ndani ya mifupa ya uso: nyuma ya mashavu, juu ya nyusi, katikati ya macho, na mengine ndani zaidi nyuma ya pua. Kila mmoja wetu anayo. Yamejaa hewa, yamefunikwa utando laini unaotoa ute, na ute huo husukumwa polepole kuelekea puani kupitia vijilango vyembamba. Utando ukivimba, vijilango huziba, ute hukaa, na hapo ndipo shida huanza. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya uitwao EPOS, katika toleo lake la 2020, unasema ugonjwa huwa sugu ukidumu wiki 12 au zaidi. Mgonjwa awe na dalili mbili au zaidi, na moja kati ya hizo iwe kuziba pua au kutoka makamasi, yawe yanatoka mbele au yanashuka kooni. Nyingine ni maumivu au uzito wa uso, na kupotewa na uwezo wa kunusa. Juu ya hayo, daktari atazame ndani ya pua kwa kamera nyembamba au apige picha ya CT, ndipo aseme kwa yakini.

Kwetu hakuna anayesema "sainasi sugu". Tunasema mafua yasiyoisha, au baridi imeniingia kichwani, au kipandauso. Hilo la mwisho linachanganya sana, kwa sababu kipandauso mara nyingi ni ugonjwa mwingine kabisa wa kichwa, hata kama mtu anaushika uso palepale. Na sababu za pua kuwaka hazitukosi. Kuna vumbi la barabara ya Garissa kuelekea Hola na Garsen, kuna moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, na kuna mathenge, mti ule ulioletwa upande wa Bura miaka ya 1980 ili tupate kuni na sasa umetufungia njia za ng'ombe kwenda mtoni. Chavua ya mathenge inajulikana na madaktari wa India na wa nchi za Ghuba kuwa huchochea aleji ya pua. Sisemi kila pua iliyoziba Tana ni kosa la mathenge. Nasema daktari anayemuuliza mgonjwa wa kwetu "unaishi wapi?" ana sababu ya kuuliza.

Sasa kupima. Mtu angefikiri picha ya CT inatosha: piga picha, tazama uchafu umejaa kiasi gani, maliza. Upo hata mfumo wa kuhesabu picha hizo, unaoitwa Lund-Mackay, unaotoa alama kuanzia 0 hadi 24 kulingana na mapango yaliyojaa. Una manufaa, hasa kwa daktari anayejiandaa kupasua. Lakini watafiti walipolinganisha alama za picha na maisha ya wagonjwa, mara kwa mara waligundua kwamba haviendi pamoja vizuri. Yuko mtu ambaye picha yake imejaa weupe na analala fofofo. Yuko mwingine ambaye picha yake ina kiwingu kidogo tu na hajalala usiku mzima tangu mfungo uliopita. Picha inaonyesha mapango, basi. Haionyeshi mtu anavyoishi nayo.

Ushahidi ulioamsha madaktari ulitoka Boston, Marekani, mwaka 1995. Madaktari wawili, Gliklich na Metson, waliwapa wagonjwa wao wa sainasi sugu hojaji ya kawaida ya afya, ileile iliyokuwa ikijazwa na wagonjwa wa magonjwa mengine, kisha wakalinganisha majibu. Katika maumivu ya mwili na katika kushirikiana na watu, wenye sainasi walijieleza kuwa katika hali mbaya kuliko wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, wenye maumivu ya kifua ya moyo, wenye ugonjwa sugu wa mapafu na wenye maumivu ya mgongo. Msomaji asinielewe vibaya: sainasi haiui kama moyo. Lakini kuishi nayo kila siku, kwa kipimo cha wanaoishi nayo, si jambo la "mafua tu". Na hawako wachache. Utafiti wa nchi 12 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 10 ana dalili zinazotosha kuitwa sainasi sugu.

Maswali 22

Hojaji inayotumika zaidi duniani kwa ugonjwa huu inaitwa SNOT-22. Ndiyo, anayejua Kiingereza cha mitaani amekwisha kucheka, maana jina lenyewe linasomeka "makamasi". Mzizi wake ni kazi ya Jay Piccirillo na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Walianza na orodha ya maswali 31 mwaka 1995, kisha wakaipunguza hadi 20, iliyochapishwa mwaka 2002. Ajabu ni kwamba katika zile 20 halikuwemo swali la pua kuziba wala swali la kunusa. Orodha ya ugonjwa wa pua isiyouliza kama pua imeziba! Maswali hayo mawili yaliongezwa, zikawa 22, na mwaka 2009 Claire Hopkins na wenzake wa Uingereza wakachapisha uthibitisho wake, wakitumia maelfu ya wagonjwa waliopasuliwa pua katika hospitali za Uingereza na Wales.

Mgonjwa huulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila tatizo analipa alama kuanzia 0, yaani halipo, hadi 5, yaani haliwezi kuwa baya zaidi ya hapo. Jumla ya juu kabisa ni 110, na kadiri alama inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Maswali 12 ya mwanzo ni ya mwili: kupenga, kuziba, chafya, makamasi mepesi, kikohozi, ute unaoshuka kooni, makamasi mazito, masikio kujaa, kizunguzungu, sikio kuuma, uso kuuma, kunusa na kuonja. Kumi ya mwisho hayataji pua, sikio wala uso. Yanauliza kama usingizi unakujia, kama unaamka usiku, kama umelala vizuri, kama umeamka umechoka, kama mchana una uchovu, kama kazi imepungua, kama akili inatulia, kama umekuwa mwepesi wa kukasirika, kama una huzuni, na kama unaona aibu. Mwisho mgonjwa huonyesha matatizo matano yanayomsumbua kuliko yote.

Hizo kumi za mwisho ndizo zilizonifanya niiamini karatasi hii. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilipewa antibiotiki mara saba ndani ya miaka miwili bila mtu hata mmoja kuniuliza kama nalala.

Namba zasomwa vipi? Watu wasio na ugonjwa huu walipojaza hojaji hii Uingereza, alama yao ya katikati ilikuwa 7, kwa hivyo hata mzima wa afya mara nyingi si wa sifuri. Kwa kawaida 8 hadi 20 huhesabiwa kuwa hafifu, zaidi ya 20 hadi 50 ya wastani, na kupita 50 kali. Wale wagonjwa wa Uingereza na Wales kabla ya kupasuliwa walikuwa na wastani wa kama 42. Miezi mitatu baada ya kupasuliwa walikuwa kama 25. Na kuna namba moja ambayo ningependa kila mgonjwa aijue: 9. Kwa ukamilifu ni 8.9. Hiyo ndiyo tofauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa mwenyewe huihisi. Ukitoka 44 ukafika 40, daktari asikwambie dawa imefanya kazi. Ukitoka 44 ukafika 33, imefanya kazi, hata kama bado unapenga.

Huko Ulaya namba hizi hufungua milango ya pesa. Zipo sindano mpya za wagonjwa wenye vinyama laini vya puani, ghali mno, na EPOS ya 2020 inahesabu alama ya 40 au zaidi kuwa mojawapo ya dalili kwamba mgonjwa anastahili kufikiriwa. Kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Mtu wa Nanighi akitaka daktari wa masikio, pua na koo, safari huelekea Garissa, na ikizidi, Nairobi au Mombasa. Mafuriko yakikata barabara hakuna safari. Kwa hiyo, kabla ya mtu kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli, afadhali awe na kitu cha kumwonyesha daktari zaidi ya "naumwa na kichwa".

Ami na shangazi

Niliwasomea jamaa zangu wawili maswali haya kwa maneno ya kwetu, nipate kuona yanaingia vipi. Wote wawili wana pua zenye historia.

Ami yangu ni mfugaji. Nilipomuuliza kuhusu kunusa, alisema halimsumbui, akatoa 0. Tukaendelea. Dakika chache baadaye akanieleza mwenyewe kwamba siku hizi hawezi kujua kama kibuyu kimefukizwa vizuri, na mara mbili amekunywa maziwa yaliyoharibika hadi mkewe akamnyang'anya. "Ami," nikamwambia, "hiyo ndiyo kunusa niliyokuuliza." Akajibu: "Wewe uliniuliza kama nasumbuka. Mimi sisumbuki, nakunywa tu." Tukabadilisha ikawa 4.

Kuna jambo kubwa hapo. Wazee wetu wengi hawapendi kulalamika, na neno "kusumbuka" masikioni mwao ni kulalamika. Ukiuliza hivyo utapata sifuri nyingi za uongo. Ukiuliza "maziwa yakiharibika, wewe hujua?" utapata ukweli. Swali la kupungua kwa kazi nalo lilimpita, kwa sababu ami hahesabu kazi kwa saa. Lakini alikiri kwamba msimu wa vumbi huwaachia vijana ng'ombe na kukaa kivulini, jambo ambalo miaka mitano nyuma asingelifanya.

Shangazi yangu alikwama kwenye aibu. Alinyamaza, kisha akanitaka nimtoe mwanangu nje. Tulipobaki wawili akasema ameacha kwenda harusini kwa sababu ya leso, na kwamba husali peke yake chumbani. Akisujudu, uso unakuwa kama umetiwa mawe, na akiinuka makamasi yanamtangulia. Maswali yale 22 hayaulizi kuhusu kusujudu. Walioyatunga hawakuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Lakini kuinama huongeza uzito wa uso kwa mwenye sainasi, na Mwislamu huinama mara nyingi kila siku, mbali na kupandisha maji puani kila anapotia udhu. Kama ningekuwa natunga maswali kwa ajili ya watu wa pwani, hilo lingekuwa la kwanza.

Pia nilijifunza kuhusu namba. Kipimo cha 0 hadi 5 ni rahisi kwa aliyesoma. Kwa asiyesoma, tofauti ya 2 na 3 ni upepo. Nilimwekea shangazi punje tano za mahindi mkekani, nikamwambia asogeze kadiri ya uzito wa jambo. Alisogeza bila kusita. Na mahali pengine nilijizuia kwa shida kumjibia. Anayemsomea mzee maswali asiwe ndiye anayejibu, na mke asisomewe mbele ya mume kama hataki.

Kutafsiri hojaji si kazi ya kamusi, na hilo limejulikana kwetu Afrika Mashariki zamani. Hojaji ya jumla ya afya iitwayo SF-36, ileile iliyotumika Boston, ilitiwa Kiswahili kwa ajili ya Tanzania, ikajaribiwa kwa watu wazima wa Dar es Salaam, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1999. Fikiria kibarua walichokuwa nacho: katika Kiingereza chake cha asili, mifano ya kazi za wastani ni kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Hapa pwani yetu, watafiti wa KEMRI walioko Kilifi wamefanya kazi kama hiyo kwa hojaji za Kiswahili za huzuni na wasiwasi. Mtindo unaokubalika ni kutafsiri, kumpa mwingine airudishe katika lugha ya kwanza bila kuona asili, kulinganisha, kisha kuwasomea watu wenyewe na kuwauliza wameelewa nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo iliyonionyesha maziwa ya ami.

Karatasi hii haiwezi nini

Haitambui ugonjwa. Mwenye aleji tu, mwenye kipandauso cha kweli, mwenye malaria wiki ile, au aliyefiwa mwezi uliopita anaweza kupata 50 bila sainasi yoyote, kwa kuwa usingizi na huzuni vina sababu nyingi. Wako wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo hojaji haina maana. Sikubaliani nao. Mizani haitambui mchele na mahindi, na bado hakuna duka lisilokuwa nayo. Kumtazama mgonjwa ndani ya pua ni kazi ya daktari, au ya matabibu waliosomea masikio, pua na koo katika vyuo vya KMTC, ambao kwa kaunti kama zetu ni msaada mkubwa.

Kuna njia fupi kwa asiye na karatasi. Chora mstari, upande mmoja 0, upande wa pili 10, ujiulize: kwa jumla, dalili hizi zimekuwa mzigo kiasi gani? Hadi 3 ni hafifu, zaidi ya 3 hadi 7 ni wastani, kupita 7 ni kali. EPOS yenyewe inaukubali mstari huu. Kwa watoto kuna hojaji yao ya maswali matano, SN-5, inayojibiwa na mzazi, na haina haja ya mtoto kujua namba.

Wakati unangoja safari, yapo ambayo hayadhuru na yana ushahidi. Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni mojawapo. Karibu nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha robo lita chatosha. Maji ya mto hayafai kuingizwa puani hivihivi hata yakiwa yametulia na kung'aa: yachuje, yachemshe, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Usiyatumie ya jana. Dawa za kunyunyiza puani zenye steroidi nazo hutumika sana, lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na wengi huziacha siku ya tano. Zile za kuzibua pua papo hapo zinazouzwa bila cheti zisizidi siku chache, la sivyo pua huziba zaidi kuliko mwanzo.

Usingoje hojaji wala mstari ukiona jicho limevimba au linasukumwa nje, unaona vitu viwili viwili, kichwa kinauma kupita kiasi pamoja na homa na shingo kukakamaa, au mgonjwa anachanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbiza hospitali usiku huohuo. Na pua inayoziba na kutoa damu upande mmoja tu, wiki baada ya wiki, itazamwe na daktari mapema.

Kwa aliyebaki, chukua daftari. Andika tarehe, alama zako, na yale matano yanayokusumbua zaidi kwa maneno yako mwenyewe: maziwa, sijida, harusi, usingizi, chochote kile. Andika na dawa ulizokwisha kupewa na mara ngapi. Mpe daktari alione kabla hujaanza kueleza. Baada ya miezi mitatu ya matibabu jaza tena, maswali yaleyale, na asome mtu yuleyule aliyekusomea mara ya kwanza.